Barua za Mume wa Cucu Veronicah

Mimi nikikasirika sinyamazi. Watu wa Siakago wamenizoea. Wakisikia mlango wa ofisi ya ushirika umebamizwa wanaambiana, "Yule Mmeru ameamka vibaya leo," kisha wanaendelea na shughuli zao. Sikatai. Nimezaliwa Muthara, na kwetu mtu hulisema la moyoni asubuhi ili mchana ale kwa amani. Lakini wiki ile, jamani, nilikuwa na kila haki ya kubamiza mlango.

Jina langu ni Nkirote. Nafanya kazi katika Ushirika wa Asali wa Mizinga Mia. Mimi ndiye karani, mimi ndiye mpokea simu, na tangu tupate websaiti, mimi ndiye ninayelaumiwa ikikohoa. Ilitengenezwa na kijana wa Embu mjini anayeitwa Kivuti. Alikuja asubuhi moja, akatufundisha haraka haraka, akala kuku wetu, akaenda zake. Websaiti hiyo inawatumia wanachama barua pepe yenyewe, bila mtu kubonyeza chochote: siku ya kuleta asali, siku ya mkutano, hata salamu za siku ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi hawana barua pepe, kwa hivyo waliandikisha anwani za watoto au wajukuu wao, na wajukuu wakawa wanawasomea.

Hizo salamu za kuzaliwa zilituletea aibu. Mzee Kaburu alifariki, na mwezi haujaisha websaiti ikamwandikia: "Hongera Mzee Kaburu, tunakutakia miaka mingi yenye afya." Barua ikaingia kwa simu ya binti yake, mjane akasomewa, boma zima likalia upya. Ilibidi twende kuomba msamaha, tumebeba sukari na unga. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Mbogo, ambaye amestaafu ualimu lakini bado anaongea kama yuko mbele ya ubao, alimpigia Kivuti simu siku hiyo hiyo. Jambo likaisha. Sikuuliza liliishaje.

Sasa, mwaka huu mnunuzi wetu mkubwa alitaka mkaguzi wa asali kutoka huku huku Mbeere, mtu wa kufunzwa kisha aajiriwe. Wenye hamu walijiandikisha kwenye websaiti, na kila mmoja angetumiwa linki yake ya kufanyia mtihani. Linki ya mmoja haifungui kwa mwingine. Ikifika Ijumaa saa kumi na moja jioni, zote zinafungwa. Na mnunuzi aliweka sharti: orodha ikishafungwa, hakuna kubadilisha jina wala anwani, kwa sababu mahali pengine mtu alifanyiwa mtihani na binamu yake.

Linki zilitumwa Jumatatu. Jumanne simu ikaanza kulia, na kila anayepiga ana wimbo mmoja: hajapata kitu. Nikafungua websaiti. Imeandika "Imetumwa" kwa rangi ya kijani mbele ya kila jina, bila haya. Nikaiambia, "Imetumwa wapi, kwa nyanya yako?"

Nilikaa nayo. Nikajitumia barua ya majaribio, nikaikuta imetupwa kwenye folda ya takataka. Nikaitazama vizuri. Kwa barua za mtihani, websaiti ilikuwa inaandika kwa jina la anwani mpya ya ofisi ambayo hatukuwahi kuifungua. Ilikuwa jina tupu. Basi huko barua zinakopokelewa zilionekana kama mtu anayebisha hodi akidai ametumwa na mtu asiyekuwepo. Ningekuwa mimi pia nisingemfungulia. Nikaifungua hiyo anwani, nikaweka ushahidi unaotakiwa kwamba websaiti ina ruhusa yetu kuitumia, kisha nikatuma linki zote upya. Jumatano mchana simu zilizoingia zilikuwa za shukrani, na nikanunua soda nikajipongeza.

Alhamisi asubuhi akaingia Cucu Veronicah, yaani Nyanya Veronicah, ameshika fimbo kwa mkono mmoja na mkono wa kijana kwa mwingine.

"Mume wangu hapati barua," akasema.

Watu waliokuwa ofisini wakacheka, naye akacheka pia, maana ndiye aliyetaka wacheke. Kijana ni mjukuu wake, Njiru. Huku mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na nyanya humwita mjukuu huyo mume wake mpaka siku atakayozikwa. Atamkemea kwamba halali nyumbani, atamwuliza mbona hajaleta nyama. Kwetu pia tunarithi majina, lakini hawa wa Mbeere wamezidi.

"Cucu, huyu mume wako ni mdogo sana," nikamtania.

"Mdogo na anapanda miti. Yule wa kwanza alikuwa amechoka." Kisha akaketi, na kicheko kikamwisha usoni. "Mwanangu, nisaidie. Akikosa hii kitu ananiacha."

Njiru akaangalia chini. Alinieleza polepole, kwa sababu ni mtu wa maneno machache. Binamu yake alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda geti Nairobi, na alitakiwa awe huko Jumamosi. Guka yake, yaani babu yake, alikufa mwaka uliopita na kuwaachia mizinga, lakini mizinga peke yake haiwezi kumtunza nyanya yake. Kazi ya ukaguzi ingemwezesha kubaki. Ikikosekana, mizinga itauzwa, na Cucu atahamia kwa binti yake huko Gachoka, mahali ambapo mwenyewe aliniambia atakufa kwa kukaa bure.

"Niko tayari kwa huo mtihani, madam," Njiru akasema. "Mambo ya nyuki nilifundishwa na guka tangu nikiwa mdogo. Shida ni linki."

"Linki utapata," nikamwambia. Sijui nani alinituma niahidi.

Nikaanza na yeye. Nikaitazama folda yake ya takataka: hakuna. Je, sanduku lake limejaa? Hapana. Nikaisoma anwani yake herufi kwa herufi, naye akaisoma, Cucu akatusikiliza kama tunaungama. Iko sawa. Nikamwandikia kutoka simu yangu mwenyewe; ikaingia hapo hapo, ting. Kwa hivyo sanduku lake ni zima. Nikaiambia websaiti initumie mimi, ikaingia. Imtumie Mwalimu Mbogo. Akapiga simu kuuliza mbona namsumbua. Kwa hivyo websaiti nayo ni nzima. Nikaiambia imtumie Njiru. Kijani: "Imetumwa." Tukaitazama simu yake sote watatu. Kimya.

Hapo damu ikanipanda. Websaiti inatuma kwa kila mtu isipokuwa Njiru, na Njiru anapokea kutoka kwa kila mtu isipokuwa websaiti. Ubaya uko katikati, njiani. Na njia hiyo mimi sikuwa na ufunguo wake. Websaiti haipeleki barua yenyewe; inazikabidhi kwa kampuni ya kupeleka, na paswadi ya huko anayo Kivuti peke yake.

Nikampigia Kivuti.

"Madam, hiyo ni simu ya huyo jamaa," akasema. "Mwambie aizime aiwashe."

"Nimeandika kutoka simu yangu, ikaingia."

"Basi angoje. Saa zingine intaneti ya huko kwenu chini inachelewa."

"Imechelewa tangu Jumatatu? Kwani inakuja na punda?"

"Nitaangalia wiki ijayo. Niko na kazi nyingi."

"Wiki ijayo mtihani umekwisha!"

"Madam, tulia basi." Akakata.

Nitulie! Nikabamiza mlango. Kisha nikaufungua tena, kwa sababu Cucu alikuwa bado ndani.

Ijumaa mapema nilipanda Embu mjini. Nilimwacha Njiru na maagizo: akae mahali penye mtandao, simu iwe na chaji, asipande mti wowote. Ofisi ya Kivuti iko ghorofani, juu ya duka la pembejeo. Imefungwa. Nikaketi kwenye ngazi. Mwuza mbegu wa chini aliniuliza kama namdai Kivuti. Nikamwambia namdai maelezo, na nitakaa hapo mpaka anipe. Jua likapanda, watu wakaniruka wakipita, nami nikazidi kukasirika. Nilimfikiria yule nyanya wa watu akifungasha vyombo vyake aende Gachoka kwa sababu ya kijani cha uongo, na nikasema sitoki.

Kivuti alikuja baada ya chakula cha mchana, na chai ya maziwa mkononi. Aliponiona alisimama katikati ya ngazi.

"Aki madam, umekuja kweli?"

"Fungua mlango."

"Ningekuwa nimeangalia tu..."

"Kivuti, fungua mlango huu kabla sijaita jina lako kwa sauti hapa mjini mpaka mama yako asikie."

Akafungua. Nikamwambia sitaki nadharia, nataka tuifuate barua moja tangu inapotoka mpaka inapopotelea. Akaketi, akaingia kwa ile kampuni ya kupeleka, nami nikasimama nyuma ya kiti chake. Akaandika anwani ya Njiru. Akavuta kiti karibu na kioo.

"Nini?" nikauliza.

"Zinafika hapa. Zote. Lakini hapa zinazuiliwa. Anwani hii imefungwa isitumiwe chochote."

"Imefungwa na nani? Kwa nini?"

Akageuka akanitazama. "Madam, huyu mtu amekufa."

"Nani amekufa?"

"Njiru Ndwiga. Imeandikwa hapa. Sababu: marehemu."

"Wacha ujinga! Njiru nimemwacha Siakago ananyonya muwa!"

Ndipo tukakaa chini tukaunganisha mambo, na nilipoyaona nilishika kichwa. Baada ya aibu ya Mzee Kaburu, Mwalimu Mbogo alimwamuru Kivuti atengeneze njia ya kuwaacha wafu wapumzike. Mwenyekiti akiweka alama ya marehemu kwa mwanachama, anwani yake inafungwa huko kwenye kampuni ya kupeleka, na haitumiwi tena barua hata moja, milele. Mwaka uliopita alifariki mzee mwingine, mwanachama wetu wa zamani, Mzee Njiru Ndwiga. Mwalimu akaweka alama. Lakini mzee hakuwa na barua pepe. Alikuwa ameandikisha ya mjukuu wake aliyekuwa anamsomea. Na mjukuu huyo, kijana mwenyewe, babake ni Ndwiga, na jina lake la kwanza ni la guka yake. Naye ni Njiru Ndwiga. Alipojiandikisha kwa mtihani, websaiti ilimpokea vizuri. Waliokataa kumpelekea barua ni wale wa njiani, walioambiwa kwamba mwenye jina hilo na anwani hiyo yuko kaburini.

"Mfungulie," nikasema. "Sasa hivi."

Kivuti akajikuna shingo. "Siwezi bila Mwalimu. Alinionya: aliyeingia kwa orodha hii asitoke bila yeye kusema. Aliogopa mtu atakosea tena mjane alie."

Saa ilikuwa inakimbia. Nikampigia Mwalimu Mbogo, nikaweka simu juu ya meza wote tusikie, nikamweleza. Nilidhani atasema "ndiyo" niende zangu. Akavuta pumzi ndefu.

"Nkirote, mimi huyo mzee nilimzika. Nilitupa udongo kwa mkono huu."

"Najua, Mwalimu. Lakini tunayemtoa si mzee, ni anwani ya kijana."

"Jina ni lake."

"Ni la wote wawili!"

"Ndiyo maana. Sasa mimi niseme Njiru Ndwiga atolewe kwa marehemu, halafu Veronicah asikie kwa watu kwamba tunachezea mume wake? Nilishaona mjane mmoja akilia kwa sababu ya mashine. Sirudii. Mwenye kusema neno hilo ni Veronicah. Akikubali, nimekubali."

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikakumbuka boma la Kaburu, nikaufunga. Mwalimu hakuwa na makosa. Alikuwa anamlinda yule yule mwanamke niliyekuwa nampigania.

Nikampigia Njiru. Sauti yake ilikuwa imeanguka. Alikuwa nyumbani, si mahali pa mtandao nilipomwambia akae.

"Huku pia unashika," akasema. "Nilikuja kupanga nguo, madam. Nimeona muda umeenda."

"Wacha hizo nguo! Nipe Cucu."

Nikasikia simu ikibadilisha mikono, na pumzi za Cucu karibu sana na sikio langu. Sasa nikakosa maneno, mimi Nkirote. Utamwambiaje mjane jambo kama hilo kwenye simu, na kijana wa Embu anakutazama?

"Cucu," nikasema, "barua za Njiru zimepatikana mahali zinapozuiliwa. Mzee alipotuacha, Mwalimu aliandika kwa mashine kwamba amefariki, ili isimwandikie tena ikakuumiza. Sasa mashine haijui kuna Njiru wawili. Inafikiri ni huyo mmoja. Mwalimu anasema hawezi kulitoa jina kwa marehemu bila wewe."

Nyuma yake nilisikia kuku, na zipu ya mkoba ikivutwa. Nilitaka kusema pole, nikaogopa kuharibu.

"Mbogo alifanya vizuri," akasema mwishowe. "Tulimzika. Mimi si mwenda wazimu, najua tulimzika."

"Ndiyo, Cucu."

"Lakini nilizika mwili. Jina sikulizika. Jina liko hapa linafunga mkoba liende kulinda geti la mtu." Sauti yake ikapanda, na nikajua kwamba katika Siakago nzima si mimi peke yangu mwenye hasira. "Mwambie Mbogo nimesema mimi. Mtoe huko. Na huyo kijana wa mashine aharakishe!"

Kivuti hakungoja niseme. Alimpigia Mwalimu kwa simu yake mwenyewe, na Mwalimu akakubali kwa neno moja; kisha Kivuti akabonyeza, akathibitisha, akabonyeza tena. Nikatuma linki upya kwa mkono wangu mwenyewe, na websaiti ikaandika "Imetumwa" kwa kijani kile kile, ambacho sasa sikukiamini hata kidogo.

"Njiru," nikaita kwenye simu. "Angalia."

"Bado."

"Angalia tena."

"Bado, ma..." Kisha nikaisikia, kwa mbali, ting. "Imeingia! Madam, imeingia, iko na jina langu!"

"Usiniambie mimi! Fungua, anza!"

Akakata. Saa kumi ilikuwa imeshapita. Nilikaa kwenye kiti cha Kivuti bila kuombwa, machozi yakinitoka, na nilipoona Kivuti ananitazama nikamwuliza kama hajawahi kuona mtu akilia. Akaniletea chai. Kabla ya saa kumi na moja websaiti iliandika mbele ya jina la Njiru kwamba mtihani umepokelewa. Nikamfanya Kivuti aitengeneze ile kazi vizuri kabla sijainuka: marehemu afungwe kama mwanachama, si kama anwani, na barua ikizuiliwa njiani ofisi ijulishwe. Alitengeneza bila kunitajia kazi nyingi.

Jumamosi Njiru hakwenda Nairobi. Alimwambia binamu yake angoje majibu, binamu akamwita mjinga, akamjibu sawa.

Majibu yalitoka Jumatano. Njiru na Cucu walikuja kuyasubiri ofisini kwangu, ati mtandao wangu ndio wanaouamini. Simu ilipolia, kijana alisoma kimya kwanza, kisha akaitikia kwa kichwa tu kwamba ndiyo. Mimi nilipiga kelele mpaka wa duka la pili akaja kuuliza nani amekufa.

Cucu hakupiga kelele. Alimgusa Njiru goti kwa fimbo.

"Nisomee."

"Cucu, wamesema nimefaulu, nianze mafunzo mwezi..."

"Mwanzo. Nisomee mwanzo."

Njiru akarudi juu. "Mpendwa Njiru Ndwiga."

"Tena."

"Mpendwa Njiru Ndwiga."

Akafumba macho. Machozi yalimshuka taratibu, na hakuyapangusa. "Tangu nimzike," akasema, "hakuna mtu ameliandikia jina hilo barua."

Njiru aliweka mkono wake juu ya ule wa nyanya yake, juu ya fimbo. Baadaye kidogo Cucu akafuta uso kwa leso, akainuka, akamvuta kijana kwa kiwiko kama siku ile aliyomleta.

"Haya, mume wangu, twende nyumbani," akasema. "Nyuki hawajui kama umefaulu."